Askofu Weston na wapagazi wa Unguja: bibi alisema kweli au kijana?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Kwetu ni Muheza ila mi nakaa Dar. Marehemu bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba babu yake alikuwa Unguja wakati wa vita ya kwanza ya dunia, akabeba mizigo ya jeshi pamoja na Bwana Askofu Frank Weston, na askofu mwenyewe anatembea kwa miguu. Bibi akimtaja ni kama anataja mtakatifu, alisema ndo aliyefuta utumwa na kujenga kanisa la Mkunazini. Sasa mwanangu yuko chuo, juzi kaniambia mama acha hizo, hao maaskofu wa kizungu wote walikuwa mawakala wa wakoloni, na huyo Weston alikuwa meja wa jeshi la Mwingereza, aliwapeleka watu wetu kufa. Tumebishana mpaka sasa hatuongei vizuri. Nani mkweli? Na kuna mahali naweza kulipata jina la huyo babu?"

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa huo mvutano wa nyumbani. Swali lako nimelisoma mara mbili tatu, na ninavyoona hasa unachouliza ni kama unaweza kuendelea kumheshimu mtu ambaye bibi alimheshimu bila kumdanganya mwanao. Nitakujibu bila kuzunguka, ila itabidi uvumilie maana ni habari ndefu na kuna vipande vya bibi na vipande vya kijana vyote vinahitaji kunyooshwa kwanza.

Tuanze na bibi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash aliposaini mkataba na Waingereza baada ya kubanwa sana, na jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini likawekwa Krismasi ya mwaka huohuo pale pale palipokuwa soko. Aliyelijenga ni Askofu Edward Steere, yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kuanza kuitafsiri Biblia, na alifariki 1882. Frank Weston alizaliwa 1871 huko London. Kwaiyo soko linafungwa yeye hajatimiza hata miaka miwili. Unguja kafika 1898, mwaka mmoja baada ya amri ya 1897 iliyosema utumwa hautambuliki tena kisheria visiwani. Utumwa hakuufuta yeye na kanisa hakujenga yeye.

Lakini usimwone bibi muongo. Nimekaa na wazee wengi wa Bonde, yani nchi ya Wabondei huko Muheza, na wa Mbweni ya Unguja, na hii kitu naikuta kila mara, maaskofu wote wa misheni ile ya Kianglikana, UMCA (Universities' Mission to Central Africa), waliitwa jina moja tu, Bwana Askofu. Tozer ni Bwana Askofu, Steere ni Bwana Askofu, Smythies ni Bwana Askofu, Weston naye Bwana Askofu. Simulizi ikishapita vizazi vitatu wale watu wanne wanakuwa mtu mmoja, na mambo mazuri yote yanamwangukia yule wa mwisho ambaye mwenye kusimulia alimwona kwa macho. Alafu kumbuka Weston kabla ya kuwa askofu alikuwa mkuu wa chuo cha Kiungani, na Kiungani ilianza kama makao ya watoto wa kiume waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wakati wake bado utumwa ulikuwa kidonda kibichi, watu waliokuwa na makovu walikuwa hai, wanaingia kanisani Jumapili na kukaa kwenye viti. Babu wa bibi yako anaweza kabisa kuwa alikaa darasani au kanisani na watu hao, kwaiyo kwenye kichwa cha familia Weston na kuisha kwa utumwa vikakaa pamoja.

Sasa kijana. Kwamba alikuwa meja, ni kweli. Kwamba maaskofu wote walikuwa mawakala, hapo amekimbia mno, na namna rahisi ya kuliona hilo ni kutazama ramani. Weston aliwekwa wakfu askofu wa Zanzibar Oktoba 1908 akiwa na miaka 37. Dayosisi yake upande mmoja ni Unguja na Pemba, kwa Sultani aliyekuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza tangu 1890, na upande wa pili ni bara, Magila na Korogwe na Bonde yote, na kule kusini Masasi, na bara hiyo yote ni ya Mjerumani. Yani sehemu kubwa ya waumini wake walikuwa raia wa dola ambayo siyo yake, walimu wake wa shule za vijijini wanakaguliwa na boma la Kijerumani, akitaka kuwatembelea anavuka bahari anaingia nchi ya mwenyewe. Wakala wa nani hapo? Mapadre wa misheni ile hawakuoa, na mshahara hawakuwa nao, wanapewa posho ndogo tu ya kujikimu. Siyo maisha ya mtu aliyetumwa kuchuma.

Ila mwambie kijana kwamba kuna sehemu ana haki, na mi sitaificha. Misheni ilipanda meli za himaya, ilikaa salama kwa sababu manowari za himaya zilikuwa bandarini, na Kiungani pamoja na kutoa mapadre ilitoa pia makarani waliokwenda kuendesha ofisi za wakoloni. Martin Kayamba, Mbondei mwenzenu aliyesoma Kiungani, baada ya vita akawa mmoja wa Waafrika wenye vyeo vya juu kabisa kwenye utawala wa Mwingereza Tanganyika. Weston mwenyewe hakuwahi kudai kwamba Uingereza iondoke Afrika. Aliamini kuna namna nzuri ya kutawala, na hasira yake ilikuwa kwamba watawala hawaifuati.

Tuje kwenye vita maana ndo kiini cha ugomvi wenu. Vita ilipoanza 1914 dayosisi ilikatika vipande viwili. Septemba mwaka huo meli ya Kijerumani Königsberg ikaizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus hapohapo bandarini Unguja, watu wa mji wakisikia mizinga. Kule bara Wajerumani wakawakamata wamisionari wa Kiingereza na kuwafunga, na kwa muda kanisa la Bonde likabaki mikononi mwa mapadre na walimu Waafrika, mpaka na wao wengi wakakamatwa, wakashtakiwa kuwa wapelelezi, wakafungwa na kupigwa. Kayamba alikuwa mmoja wa waliofungwa Tabora. Hii sehemu huwa inarukwa na mi naona ni makosa, kwa sababu waliolilipia kanisa lile kwa ngozi zao walikuwa watu wenu, siyo askofu aliyekuwa Unguja akisubiri habari.

Mpagazi je, kwa nini jeshi lilihitaji wengi hivyo? Nikueleze hesabu yake, maana kijana akiielewa ataona kilichowaua ni nini. Nchi hii wakati ule barabara za magari hazikuwepo, na mbung'o walimaliza farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi kwa maelfu. Kinachobaki ni kichwa cha binadamu. Mtu mmoja anabeba kama kilo 25. Lakini na yeye anakula, kila siku anapunguza unga, kwaiyo askari wakiwa mbali na stoo wiki mbili tatu unahitaji wapagazi wa kubeba chakula cha askari, na wapagazi wengine wa kubeba chakula cha wale wapagazi, na wengine nyuma yao. Kadri jeshi linavyoingia ndani ndo mnyororo unazidi kuwa mrefu na chakula kinachofika mwisho kinazidi kuwa kidogo. Unga wa mahindi haujaiva vizuri kwa sababu kuni zimelowa, maji ni ya madimbwi, blanketi hakuna, wengine wametolewa nchi za baridi wameletwa mabondeni na wengine kinyume chake. Kuhara damu, malaria, vichomi. Risasi iliua wachache. Upande wa Mwingereza peke yake wapagazi waliohesabiwa rasmi kufa wanapita 40,000, na wanahistoria wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Unakaa Dar, kila siku unapita au unasikia Kariakoo, jina lile ndo Carrier Corps lenyewe, yani kikosi cha wapagazi, kambi yao ilikuwa pale.

Sasa 1916 amri ya kutafuta wapagazi inafika Unguja na watu wanaogopa, kwa sababu tayari walishasikia mpagazi akienda harudi. Weston angeweza kukaa kimya, au angeweza kupinga kwa barua kama alivyopenda kufanya. Alichofanya ni kukubaliana na serikali kuunda kikosi cha wapagazi wa Zanzibar na kukiongoza mwenyewe, ndo akapewa cheo cha meja. Bagamoyo ilichukuliwa na Waingereza katikati ya Agosti 1916, Dar es Salaam ikaanguka tarehe 4 Septemba, na kikosi chake kilikuwa kwenye mwambao huo. Alitembea nao kwa miguu. Hapo bibi yako yuko sawa kabisa, na nafikiri ndo kitu kilichomfanya babu yake asimulie mpaka wajukuu, kwa sababu mpagazi wa siku zile alizoea kumwona mzungu kwenye machela akibebwa na watu. Huyu kasimama kwenye jua lilelile na vumbi lilelile, anaongea nao Kiswahili chao.

Hukumu yangu hapo? Naona alifanya jambo la mchungaji ndani ya jambo baya. Kama watu wanachukuliwa, ni afadhali wachukuliwe na mtu anayejua majina yao na atakayehakikisha sufuria iko motoni jioni. Lakini hao wapagazi hawakuwa na ugomvi wowote na Mjerumani, na askofu kwa kuweka jina lake aliirahisishia serikali kuwapata. Kama mimi ningekuwa mmoja wa wake waliobaki Mbweni kusubiri mume, sijui kama medali ya askofu ingenifariji, maana alipewa na nishani ya OBE baadaye. Mwambie mwanao hoja yake hapo ina uzito. Ila "aliwapeleka kufa" siyo maneno sahihi, alikwenda nao.

Na hapa ndo nataka umkalishe kijana chini umwonyeshe kilichofuata, kwa sababu ndo kinachonifanya mimi nimheshimu Weston pamoja na yote. Mwaka 1918 aliandika barua ya wazi kwa Jenerali Smuts, aliyekuwa ameongoza majeshi ya Mwingereza huku kwetu, akaiita Watumwa Weusi wa Prussia, yani wa Ujerumani, anaeleza Wajerumani walivyowatesa Waafrika, anadai nchi isirudishwe kwao. Waingereza waliifurahia sana, bila shaka, ilikuwa inawafaa. Angeishia hapo ningekubaliana na mwanao moja kwa moja kwamba alikuwa chombo cha himaya.

Hakuishia hapo. Oktoba 1919 gavana wa Kenya, Northey, akatoa waraka kwa maofisa wake kwamba walowezi hawapati vibarua, kwaiyo maofisa wa wilaya "wawahimize" Waafrika kwenda kufanya kazi mashambani, wakiwemo wanawake na watoto wa maeneo ya karibu, na wawe wanaandika majina ya machifu wanaosaidia na wale wasiosaidia. Soma hiyo tena taratibu. Hakuna neno la kulazimisha humo ndani. Lakini wewe chifu umewekwa na serikali na serikali inaweza kukutoa, ofisa anakuja na daftari, anakwambia nahimiza tu, na jina lako linaandikwa. Utampeleka nani? Utampeleka yule asiye na mtetezi, mjane, kijana yatima, mtu uliyegombana naye shamba. Ndo ilivyokuwa inafanya kazi, kulazimisha bila kutamka neno kulazimisha. Ongeza kodi ya kibanda juu yake na kipande, kile kitambulisho cha kazi, shingoni, na mtu hana pa kupitia.

Maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda pamoja na mkuu wa misheni ya Waskoti walitoa tamko la kulalamika, lakini ndani yake walikubali kwamba kulazimisha kunaweza kukawepo ilimradi kuwekewe masharti na kuwe wazi kisheria. Weston akakataa kabisa. Akatoa kijitabu 1920, akakiita Watwana wa Uingereza, akasema kumlazimisha mtu kufanya kazi kwa faida ya mtu binafsi ni uovu, hata liwekewe masharti gani. Angalia huo ujasiri, mtu yuleyule aliyewaambia Wajerumani mmewafanya watu watumwa, miaka miwili baadaye anawageukia watu wake mwenyewe kwa lugha ileile. Alikwenda mpaka Uingereza kulipigia kelele, wengine nao wakapiga kelele huko, na 1921 Churchill, wakati huo waziri wa makoloni, akaagiza maofisa wa serikali wasijihusishe kutafutia walowezi binafsi vibarua. Siyo kazi ya Weston peke yake, na kazi za nguvu kwa shughuli za serikali zenyewe hazikuisha, mabibi na mababu zetu wanajua. Lakini alisimama mahali sahihi wakati wenzake walikuwa wanatafuta katikati.

Kuna ugomvi mwingine ambao kijana wako akisoma atakutana nao, nitaugusa tu. Juni 1913 wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, Kenya, wakakubaliana kushirikiana, mwisho wakashiriki meza ya Bwana pamoja kwenye kanisa la Waskoti, na askofu wa Mombasa ndo aliyeongoza. Weston akawashtaki yeye na askofu wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, kwa uzushi. Kwake yeye kanisa bila askofu na padre halina sakramenti kamili, basi huwezi kumfundisha Mwafrika imani hii leo alafu kesho umwonyeshe haina maana. Alikuwa mkali, wakati mwingine mkali kupita kiasi, ingawa 1920 kule Lambeth, London, kwenye mkutano wa maaskofu wa Anglikana, alikaa na wenzake kuandaa wito wa umoja wa Wakristo na akalegea kidogo. Kama umewahi kujiuliza kwa nini Anglikana ya Muheza na Unguja wanafukiza ubani na kuita Misa, na Anglikana ya Dodoma ni nyimbo na mahubiri tu, ndo hapo. Ninyi mlifundishwa na UMCA ya kina Weston, wale walifundishwa na CMS (Church Missionary Society), misheni nyingine ya Kianglikana.

Na sehemu ninayomlaumu bila kusita ni uongozi. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, alipewa upadre tangu 1890, na kina Petro Limo wa Bonde wakafuata. Walikuwepo watu. Vita iliwaonyesha wanaweza kulibeba kanisa peke yao wazungu wakiwa kifungoni. Bado Weston akafariki na uaskofu ukaendelea kwa Waingereza, na Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Anglikana Tanganyika, Yohana Omari, alisubiriwa mpaka 1955. Mtu aliyeweza kumwambia gavana ukweli angeweza kuwaambia na wenzake wa misheni kwamba muda umefika.

Weston alifia kwenu, Hegongo, Novemba 2 mwaka 1924, siku ya kuwakumbuka marehemu wote, jipu la mgongoni lilimwingiza sumu kwenye damu. Alikuwa na miaka 53. Mwaka mmoja kabla alikuwa Royal Albert Hall, London, mbele ya maelfu ya Waanglikana wa upande wake wa ubani na Misa, akawaambia hamwezi kudai mnamwabudu Yesu kwenye tabenakulo, lile kasha la sakramenti kanisani, kama hamumhurumii Yesu kwenye mitaa ya maskini. Hotuba hiyo bado inasomwa mpaka leo.

Sasa jina la babu. Hili sitaweza kukusaidia kwa kuandikiana tu, itabidi uende. Anza Magila, parokiani, omba kuonana na padre kwa heshima na ueleze unatafuta nani. Usiende na jina la ukoo peke yake, maana wakati ule watu waliandikwa jina la ubatizo na jina la nyumbani au la baba, na jina la ukoo mnalotumia leo huenda lilianza kwa watoto wake. Nimeona kwenye rejista za zamani mtu ameandikwa Yohana pale alipobatizwa na Johana pale alipofunga ndoa, mtu ni yuleyule, mke yuleyule. Kwaiyo beba majina ya mke wake, watoto wake na wadhamini wa ubatizo kama mnayajua. Na kama alibatizwa Unguja basi rejista za Bonde zitakuwa na ndoa yake tu au ubatizo wa watoto, inabidi uende Mkunazini na pia kwenye Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, waulizie mafaili ya miaka ya vita. Kumbukumbu za UMCA zenyewe ziko Oxford, maktaba ya Bodleian, unaweza kuwaandikia. Kusema ukweli wapagazi wengi hawana jina popote, lakini wale waliokuwa na Weston kama walibatizwa wana nafasi kubwa kuliko wengine, kwa sababu misheni iliandika. Asitokee mtu akakwambia umlipe atakutafutia orodha, usitoe hela yako.

Kabla ya yote hayo tafuta nani kwenye ukoo bado anakumbuka, mama mkubwa, mjomba, jirani wa zamani wa bibi. Nenda na mwanao, yeye ashike simu arekodi. Mwache mzee asimulie mwanzo mpaka mwisho bila kumkatiza wala kumsahihisha tarehe, alafu ndo muulize vitu vidogovidogo, walipanda chombo gani kutoka Unguja, walishukia wapi, walikula nini, nani hakurudi. Maswali hayo ya vitu vidogo ndo huwa yanatoa majina. Mkishapata hata moja la ubatizo na kijiji, niandikie tena tuone tunaanzia rejista ya mwaka gani.